Tumebadili Nomino, Upatanisho Je? Lugha Zetu, Ulemavu na Darasa la Kiswahili Chuo Kikuu

Utangulizi

Suala la elimu jumuishi limezungumzwa sana katika vyuo vikuu vya eneo letu kwa zaidi ya miaka ishirini sasa. Hapa Uganda dalili zake ni nyingi. Bunge letu lina viti maalumu vya wawakilishi wa watu wenye ulemavu, na mwaka 1996 Alex Ndeezi aliingia katika Bunge hilo akiwa kiziwi. Mwaka 2003 Chuo Kikuu cha Kyambogo kiliundwa kwa kuunganisha taasisi tatu, mojawapo ikiwa ile iliyokuwa ikiwaandaa walimu wa elimu maalumu. Mwaka 2008 nchi iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu wenye Ulemavu, na sheria ya mwaka 2006 kuhusu watu hao ilifutwa, nafasi yake ikachukuliwa na sheria mpya ya mwaka 2020.

Sambamba na sheria hizo umezuka mjadala kuhusu kile kinachoitwa mtazamo wa asili wa Waafrika juu ya ulemavu. Mjadala huu una kambi mbili. Kambi ya kwanza inadai kuwa jamii zetu za jadi ziliwadharau, zikawaficha na hata kuwaua watu wenye ulemavu, na kwamba heshima yao imeletwa na mikataba ya kimataifa. Kambi ya pili inadai kinyume: kwamba Mwafrika wa jadi alimkumbatia kila mtu kwa utu wake, na kwamba ubaguzi ulikuja na shule na hospitali za kigeni. Kambi zote mbili hupenda kutoa ushahidi kutoka katika lugha, hasa majina na methali. Hapo ndipo sisi walimu wa Kiswahili tunapopaswa kuingia, kwa sababu ushahidi huo ni wa fani yetu na mara nyingi hutumiwa vibaya.

Katika makala haya tunahakiki ushahidi huo, kisha tunaupeleka darasani. Hoja yetu ni moja. Lugha zetu zinatuonyesha kwamba hadhi ya mtu katika sentensi haikai katika jina lake peke yake. Hukaa pia katika upatanisho, yaani katika namna maneno mengine yote yanavyoitikia jina hilo. Vyuo vyetu vimefanya bidii kubadili jina. Upatanisho bado.

Ngeli ya KI-VI na watu wake

Ushahidi unaotajwa mara nyingi ni ule wa ngeli. Inasemwa kwamba Waswahili waliwaweka kipofu, kiziwi, kiwete, kilema na kibiongo katika ngeli ya vitu, pamoja na kiti na kisu, na kwamba huo ni uthibitisho wa dharau. Wenzetu wa Rwanda wana mfano unaofanana: neno ikimuga, lenye kiambishi cha ngeli hiyohiyo, limekataliwa katika matumizi rasmi, na badala yake husemwa umuntu ufite ubumuga, yaani mtu mwenye ulemavu. Baganda nao leo husema abantu abaliko obulemu, watu ambao ulemavu uko juu yao. Ni dhahiri kwamba mwelekeo wa kumtanguliza mtu na kuuweka ulemavu nyuma yake haukuishia katika Kiswahili.

Hata hivyo, hoja ya ngeli ikiachwa hapo inapotosha. Katika ngeli hiyohiyo wamo kiongozi, kijana, kinyozi na kiranja, na hatujasikia mtu akidai kwamba Waswahili waliwaona viongozi wao kuwa vitu. Kiambishi ki- kina kazi nyingi: hutaja ala, hudunisha, hutaja namna ya kufanya jambo, na hutaja watu kwa kazi au kwa sifa inayowatambulisha haraka. Kwa hiyo kiambishi peke yake hakitoshi kuwa shahidi.

Shahidi mzuri zaidi ni upatanisho. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua kwamba Kiswahili sanifu hakisemi *kipofu kile kimefika*. Kinasema *kipofu yule amefika*, *viziwi wale wamefika*, *kiwete wetu*, *vilema wote*. Umbo la nomino ni la KI-VI, lakini sarufi yote inayofuata inamtambua kuwa ni mtu. Na msemaji akiamua kusema *kipofu kile kimekuja tena*, kila mwenye lugha anaelewa papo hapo kwamba anatukana. Kumbe dharau haikukaa katika jina. Imekaa katika uamuzi wa msemaji wa kumnyima aliyetajwa upatanisho wa watu.

Jambo hili linatusaidia pia kuelewa kwa nini watu wenyewe hawakubaliani kuhusu majina. Nchini Tanzania, shirikisho la vyama vyao linajiita Shirikisho la Vyama vya Watu wenye Ulemavu Tanzania, SHIVYAWATA. Wasioona wana Chama cha Wasioona. Lakini viziwi wameshika neno lao la zamani: chama chao ni CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania. Wengi wao hujitambua kuwa ni jamii yenye lugha yake, na hawaoni sababu ya kuitwa kwa kile wasichokuwa nacho, kama inavyofanya istilahi *wasiosikia*. Mwalimu anayemsahihisha mwanafunzi kiziwi kwa kumwambia asijiite kiziwi amelinda istilahi, ila mwenye jina hajamsikiliza.

Hatusemi kwamba majina hayana uzito. Neno *kilema* lenyewe linatuonya. Kwa asili linataja kasoro ya mwili: *ana kilema cha mguu*. Kisha likamtaja mtu mzima: *yeye ni kilema*. Sehemu imemeza mwenye sehemu. Istilahi *mtu mwenye ulemavu* inarekebisha hilo, kwani mzizi -enye unamrudishia mtu nafasi ya mmiliki. Lakini marekebisho hayo ni ya nomino. Kama kitenzi kinachofuata bado ni *kimefika*, hatujafanya kitu.

Methali zinavyosema na zisivyosema

Ushahidi wa pili ni methali. Methali inayonukuliwa kuliko zote ni *hujafa hujaumbika*, na nduguye ni *mcheka kilema hafi bila kumfika*. Kambi ya pili huzitumia kuonyesha kwamba Waswahili walikataza dhihaka. Ni kweli walikataza. Lakini tukizihakiki tunaona kwamba katazo hilo limejengwa juu ya hofu. Usicheke, kwa sababu zamu yako yaweza kufika. Anayezungumziwa katika methali hizi ni mzima anayeogopa kesho yake. Mwenye kilema amekaa pembeni kama onyo. Hakuna anayemuuliza anahitaji nini ili ashiriki.

Methali ya *ng'ombe haelemewi na nunduye* inatoka upande wa jamaa: aliye wako si mzigo kwako. Ina upendo ndani yake, na familia nyingi zimejifariji kwayo. Hata hivyo mwenye ulemavu amebaki kuwa nundu, kitu kinachobebwa.

Zipo methali mbili ambazo tunadhani zinafaa zaidi, ingawa hazitajwi sana katika mjadala huu. Ya kwanza ni *kipofu hasahau mkongojo wake*. Kwa kawaida hufundishwa kuwa mtu hasahau kile kinachomsaidia. Lakini tazama picha yenyewe: kipofu ndiye mtenda, ana chombo chake, anakijua, na hahitaji mtu wa kumkumbusha. Ya pili ni *ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho*. Darasani huifafanua kuwa ni wito wa kufuata desturi za wenyeji. Lakini maana hiyo ya pili imetoka katika tukio lililo wazi: kuna mahali ambapo wenye chongo ndio wenyeji, na mwenye macho mawili ndiye anayepaswa kujirekebisha. Nani mwenye upungufu hutegemea mahali palivyopangwa. Hili ndilo wazo ambalo wataalamu wa elimu jumuishi wamelieleza kwa kurasa nyingi.

Tahadhari moja inahitajika. Methali haziundi falsafa moja. Zimekusanywa kutoka vinywa vingi na hupingana zenyewe kwa zenyewe. Anayechagua moja na kuiita mtazamo wa Waafrika anajiandikia mtazamo wake kwa jina la wazee.

Mtazamo wa asili ni mmoja?

Tukitoka nje ya pwani tunaona wazi zaidi kwamba mitazamo ilikuwa mingi, hata ndani ya jamii moja. Katika kitabu *Disability and Culture* kilichohaririwa na Benedicte Ingstad na Susan Reynolds Whyte mwaka 1995, Patrick Devlieger aliandika kuhusu Wasongye wa Kongo. Alionyesha kwamba jamii hiyo haikuwaweka watoto wote wenye maumbile tofauti katika kundi moja. Walikuwapo waliohesabiwa kuwa watoto wa kiibada, kama vile mapacha, ambao hupewa heshima. Walikuwapo waliohesabiwa kuwa wabaya. Na walikuwapo wenye kasoro za viungo, ambao jina lao ni bilema, ndugu wa kilema chetu. Devlieger alieleza pia kwamba swali kuu lililoulizwa kuhusu kasoro lilikuwa *kwa nini*: ni uhusiano gani ulioharibika, na wazee, na jirani au na Mungu? Swali la namna ya kuboresha maisha ya mtu huyo halikupewa uzito huohuo.

Tunaona hapa jambo linalotuhusu moja kwa moja. Chuo cha kisasa kinajiona kiko mbali na imani za Wasongye, lakini nacho huanza na *kwa nini*. Mwanafunzi hujaza fomu: ulemavu wako ni upi, ulianza lini, uthibitisho wa daktari uko wapi? Fomu yenye swali la *utajifunzaje vizuri zaidi?* ni adimu. Mganga na msajili wanakutana katika swali lilelile.

Aidha, hatuwezi kuficha kwamba baadhi ya mitazamo ya asili imemwaga damu. Imani kwamba zeruzeru hafi bali hutoweka, na kwamba viungo vyake huleta utajiri, ilihusishwa na mauaji ya watu wenye ualbino nchini Tanzania na katika nchi jirani, hasa kuanzia katikati ya miaka ya 2000. Sentensi *hafi bali hutoweka* ni fupi, na sarufi yake ni sahihi hata katika upatanisho, lakini inamwondoa mtu katika orodha ya wanaokufa, hivyo katika orodha ya wanaoweza kuuawa. Mwaka 2010 wapiga kura wa Lindi Mjini walimchagua Salum Khalfani Bar'wani, mwenye ualbino, kuwa mbunge wao. Mauaji yale na uchaguzi ule vilitokea katika nchi moja, katika muongo mmoja, kwa lugha moja. Atakayedai kwamba utamaduni ulisema jambo moja tu tutamuuliza ni upi kati ya hiyo.

Mfano wa mwisho unatoka katika neno tunalolitumia kila siku. Kabla ya *chuo kikuu*, neno *chuo* lilitaja mahali ambapo mtoto wa Kiswahili alisomeshwa Kurani. Katika chuo hicho elimu ilipita katika sikio, ulimi na kumbukumbu. Kwa sababu hiyo mtoto asiyeona aliweza kuketi mkekani pamoja na wenzake na kuhifadhi kama wao au kuwapita, na mahafidhi wasioona wamekuwa wakiheshimiwa katika ulimwengu wa Kiislamu wote. Chuo hicho hakikuwa na sera ya ujumuishi. Njia yake ya kufundishia ndiyo iliyomfaa asiyeona. Lakini njia hiyohiyo ilimwacha kiziwi nje. Fundisho ni kwamba mlango hufunguliwa au hufungwa na njia ya kufundishia, na njia moja haiwezi kuwafungulia wote.

Upatanisho darasani

Baada ya hayo tuangalie darasa letu la Kiswahili. Je, njia zetu zinamfungulia nani?

Tuanze na isimu sauti. Katika chuo kimoja mwanafunzi asiyeona aliwekewa mbele yake swali la mtihani lililomtaka achore kinywa na kuonyesha ala za sauti. Msimamizi hakuwa na ruhusa ya kulibadili, na alama zikapotea. Katika karatasi za usajili mwanafunzi huyo aliitwa kwa adabu *mwenye mahitaji maalumu*. Katika karatasi ya mtihani alikuwa *kile*.

Lakini isimu sauti ni somo la mwili, na mwili wa asiyeona haujapungukiwa koo. Tofauti ya ghuna na sighuna hujulikana kwa kuweka vidole kooni na kutamka *z* kisha *s*. Mpumuo, ambao wasemaji wengi wa pwani huutumia kutofautisha *paa* la nyumba na *p'aa* wa porini, hujulikana kwa kuweka kiganja mbele ya mdomo. Mtihani unaweza kumtaka mtahiniwa aeleze kwa maneno mahali ulimi unapogusa. Tena njia hii humfaa kiziwi vilevile, kwani mtikisiko wa koo huhisiwa hata usiposikika. Na tumeona kwamba wale wanaosikia na kuona nao huelewa upesi zaidi wanapougusa mwili wao kuliko wanapokariri mchoro.

Katika sintaksia tunapenda michoro ya matawi. Mchoro huo hauwezi kusomwa na programu ya kusoma skrini, na kuuandika kwa nukta nundu ni kazi kubwa. Lakini uchanganuzi uleule unaweza kuandikwa kwa mabano: [S [KN [N kipofu] [V yule]] [KT [T amefika]]]. Habari ni ileile, na imekaa katika mstari mmoja unaosomeka kwa kidole au kwa sikio. Mabano hayamgharimu mwalimu hata shilingi moja.

Ushairi wa arudhi nao unadhaniwa kumtenga kiziwi kwa kuwa mizani na vina ni mambo ya sikio. Tunatofautiana na dhana hiyo. Silabi za Kiswahili nyingi huishia kwa irabu, na maandishi yetu hufuata matamshi kwa ukaribu mkubwa. Kiziwi anayesoma tarbia anaweza kuhesabu mizani kumi na sita kwa jicho, akaona mahali mstari unapokatika katika nane na nane, na akaviona vina vya kati na vya mwisho vikilingana. Kinachomtenga ni mwalimu anayeghani shairi akiwa ameugeukia ubao, bila kugawa nakala.

Hali ni nzito zaidi katika fasihi simulizi, kwa sababu huko kikwazo kimeingia katika fasili yenyewe. Vitabu vingi vya kiada vinasema fasihi simulizi ni sanaa itolewayo kwa mdomo. Sasa kiziwi anaposimama mbele ya wenzake na kusimulia hekaya ya sungura na fisi kwa lugha ya alama, akabadilisha uso kuwa fisi, hadhira ikacheka na kuitikia kwa mikono, tuiite nini sanaa hiyo? Si andishi, na kwa fasili ile si simulizi. M. M. Mulokozi, katika makala yake ya mwaka 1989 kuhusu tanzu za fasihi simulizi, aliitazama fasihi hii kama tukio linalowakutanisha fanani, hadhira na mazingira yao. Tukishika mkabala huo, kiziwi yumo bila kubadilishiwa lolote. Tukishika mdomo, tunamtoa yeye na tunapoteza sehemu ya sanaa ya Afrika Mashariki ambayo wanafunzi wetu wangeweza kuikusanya na kuihakiki. Hapa ujumuishi unaisahihisha nadharia.

Tuje kwa vitini. Idara nyingi bado hutegemea fotokopi za vitabu vya miaka ya 1970 na 1980, nakala ya nakala, zilizopigwa picha na kuhifadhiwa kwenye kompyuta. Kwa programu ya kusoma skrini ukurasa wa aina hiyo ni picha tupu. Haina neno la kusoma. Kinyume chake, maandishi yaliyochapwa upya husomeka. Programu ya NVDA hutolewa bure, na sauti ya eSpeak iliyomo inasoma Kiswahili, ingawa kwa lafudhi itakayowachekesha wasomaji wetu wa pwani. Kuhusu haki za wenye vitabu, Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ambao Uganda ilijiunga nao mwaka 2018, uliwekwa kwa ajili ya kuruhusu nakala za namna hii kwa wasioona na wengine wasioweza kusoma chapa ya kawaida. Kwa hiyo sababu ya hakimiliki si ngao tena.

Pingamizi

Tunajua pingamizi zitakazotolewa. Ya kwanza ni idadi: madarasa ni makubwa, mwalimu ni mmoja. Ni kweli. Ndiyo maana tumetaja zaidi yale yasiyohitaji muda wa ziada: kusema kwa sauti kile unachokiandika ubaoni, kuigeukia hadhira, kutanguliza vitini, kutumia mabano. Lakini mkalimani wa lugha ya alama hawezi kubadilishwa kwa nia njema ya mwalimu. Ni mtaalamu, anahitaji mshahara, na mshahara huo ni wajibu wa chuo, si michango ya wanafunzi wenzake.

Ya pili ni viwango. Inasemwa kwamba ukibadili swali la kiziwi katika mtihani wa mazungumzo umeshusha shahada. Tunajibu kwa swali: mtihani huo unapima nini? Kama unapima uwezo wa kuanzisha hoja, kuitetea na kumjibu mwenzako kwa Kiswahili, basi mazungumzo ya kuandikiana papo kwa papo hupima hayo. Kama unapima matamshi tu, useme hivyo, na uchukue sehemu ya alama inayostahili matamshi. Na hapa tuonye kuhusu kosa la upande wa pili, nalo ni alama za huruma. Mwalimu anayempa asiyeona alama hamsini ili asimsumbue amemwondoa katika ushindani kama yule aliyemnyima. Hilo nalo ni *kimefika*, limesemwa kwa sauti ya upole.

Ya tatu inasema haya si kazi ya idara ya lugha, bali ya kitengo cha elimu maalumu. Tuisome Katiba yetu. Shabaha ya 24 ya malengo ya taifa inaitaka serikali iendeleze lugha zote za Uganda, iendeleze lugha ya alama ya viziwi, na ihimize kukua kwa lugha ya taifa. Mambo hayo yamepangwa pamoja katika shabaha moja, na lugha ya alama imekaa katikati. Huko Kenya, Katiba ya mwaka 2010 inazitaja Kiswahili, Kiingereza na Lugha Ishara ya Kenya kuwa lugha rasmi za Bunge katika kifungu kimoja. Lugha ya alama ni jirani ya Kiswahili kisheria. Idara inayofundisha isimu ya Kibantu bila hata mhadhara mmoja kuhusu jirani huyo imeacha sehemu ya kazi yake.

Hitimisho

Mwaka 2005 Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya pili katika Katiba ya Uganda, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kukitumia kama lugha rasmi na kukifundisha shuleni kwa lazima. Maana yake kwetu ni kubwa kuliko fahari. Somo likiwa la lazima, hakuna mtoto atakayelikwepa: asiyeona, kiziwi na mwenye kigugumizi watakuwamo, na atakayewafundisha ni mhitimu wetu. Kama yeye mwenyewe hakuwahi kuona darasa la chuo kikuu likimpatanisha mtu wa namna hiyo, atakwenda kufanya kule alichokiona hapa.

Kwa hiyo hatuwaombi walimu wenzetu waitafute Afrika ya jadi isiyo na doa, wala waikane. Tunawaomba waichukue kanuni ambayo lugha yenyewe imeihifadhi na ambayo tunaisahihisha kwa wino mwekundu kila muhula. Nomino inaweza kuanza na ki-. Kivumishi, kiwakilishi na kitenzi lazima viseme *yule*, *yeye*, *amefika*. Katika darasa la chuo, kivumishi ni kitini, kiwakilishi ni mhadhara, na kitenzi ni mtihani. Visipokubaliana, sentensi nzima ni kosa, hata kama nomino imeandikwa kwa adabu.

Tunawakaribisha wasomaji, hasa wanafunzi wenye ulemavu walio katika idara za Kiswahili za vyuo vyetu, waandike katika toleo lijalo. Watuambie ni wapi upatanisho unavunjika. Wao ndio wanaousikia, au kuugusa, au kuuona, kabla yetu.